Ndugu ya Mukeke

Watu wengi huku kambini wanafikiri biolojia ni jina lingine la udaktari. Ukisema umefaulu biolojia, jirani anakupongeza kwa sindano ambazo bado hujamchoma mtu. Mimi nilipata A ya biolojia katika KCSE ya 2022, na kwa wiki nzima nikawa nesi wa bloku yetu bila kuulizwa. Mama mmoja wa mlango wa tatu alinileta mtoto wake mwenye kikohozi. Nilimwambia ampeleke kliniki. Akasema, "Si weye ndiye kliniki sasa?"

Sikutaka kuwa nesi. Nasema hivi kwa heshima, maana manesi wa hapa wamenitibu malaria mara ambazo siwezi kuhesabu. Nilitaka kujua samaki. Na ukiwa Kakuma, mahali ambapo mto wenyewe ni mchanga karibu mwaka mzima, mtu akisema anataka kusomea samaki, watu wanamtazama kama amepigwa na jua.

Nimezaliwa Uvira, upande wa Kalundu, pale bandarini. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala. Wasiojua ziwa letu wafahamu kwanza kwamba ndagala anavuliwa usiku, kwa taa. Vidudu vidogo vya majini ambavyo ndagala anakula vinapanda juu giza likiingia, na ndagala anavifuata. Wavuvi wanawasha taa, samaki wanakusanyika, nyavu zinainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina nguvu tena, na mitumbwi inalala ufukweni. Kwa hiyo sisi tulijua kula vizuri mwezi ukiwa mdogo na kukopa mwezi ukijaa. Watoto wa walimu walihesabu mshahara kwa mwezi wa kalenda. Sisi tulihesabu kwa mwezi wa mbinguni. Naona hapo ndipo biolojia na pesa vilianza kushikana kichwani mwangu, kabla sijajua hata neno lenyewe.

Neno lenyewe nilipewa na baba mdogo. Yeye alifundisha sekondari, sehemu ya biokimia. Mshahara wa serikali ulikuwa kama mvua ya huku Turkana, unasikia tu imenyesha mahali pengine, basi aliishi kwa prime waliyolipa wazazi. Mzazi asipolipa, mwalimu halali njaa peke yake, analala njaa na wanawe wanne. Lakini huyo mtu alikuwa akipita ufukweni asubuhi, anachukua samaki wa ajabu ambaye wavuvi wamemtupa, anakaa naye chini kama amekutana na mkwe wake.

Siku moja alinionyesha samaki mdogo mwenye mdomo uliopinda. Nilidhani ni kilema. Akasema hapana, tafuta wengine. Tukapata wengine, na kweli wote walikuwa wamepinda mdomo, ila baadhi kuelekea kushoto na baadhi kulia. Wanasayansi wanamwita Perissodus. Hali samaki mzima, anakula magamba tu. Anamvizia mwenzake kwa nyuma, anambandua magamba ya ubavuni na kukimbia. Wenye mdomo wa upande mmoja wanashambulia ubavu mmoja tu, na wale wengine ubavu wa pili. Sasa wakizidi wa kushoto, samaki wanaoibiwa wanajifunza kulinda ubavu ule, na wa kulia wanapata kula bila shida, wanazaana, mpaka wao nao wanazidi na mambo yanageuka. Mjapani anayeitwa Michio Hori aliandika habari hizo mwaka 1993, akaonyesha kwamba pande zote mbili zinabaki karibu nusu kwa nusu. Baba mdogo alikuwa akisimulia hii kama watu wanavyosimulia mpira. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo kila samaki anayefika mkononi mwangu namtazama mdomo kwanza.

Tulifika Kakuma mwaka 2013. Baba hakuvuka nasi, na hiyo ni insha nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2023 nilikuwa na milango miwili, na ilibaki wazi kwa wiki mbili tu. Mlango wa kwanza ulikuwa diploma ya unesi, miaka mitatu, inayolipwa na shirika moja ambalo baadaye lingenichukua kwenye kliniki zake. Wa pili ulikuwa udhamini wa DAFI, kwa digrii ya biolojia, miaka minne, bila ahadi ya kazi yoyote mwishoni. Nafasi zote mbili watu wanazililia. Najua wapo watakaosoma hapa wakisema huyu analalamika kwa kushiba. Mwenye haki ya kusema hivyo aseme.

Nilifanya hesabu kwenye karatasi ya daftari, pamoja na rafiki yangu mmoja mwenye diploma tayari. Yeye ni nesi, analipwa insentivu ya shilingi 11,000. Jirani yangu mkalimani, aliyeishia kidato cha nne, analipwa 7,500. Tofauti ni 3,500. Miaka mitatu ya kusoma, mitihani ya baraza, zamu za usiku, damu, na mwisho wake unamzidi mkalimani kwa 3,500 tu. Wenzetu Wakenya wanaofanya kazi ile ile kwenye chumba kile kile wanapata mshahara wenyewe, siyo insentivu, na hiyo hesabu sikuiandika kwa sababu rafiki yangu aliniambia, "Usiandike, utakosa usingizi."

Hapo ndipo niliona kitu ambacho wale wanaotoa ushauri wa kazi huwa hawakigusi. Huko nje mtu akichagua anachokipenda akaacha kinacholipa, anapoteza pesa nyingi. Huku kambini paa la mshahara liko chini sana hata ukisimama wima unaligonga. Nesi analigonga, mwalimu analigonga, mtaalamu wa samaki naye atainama hapo hapo. Basi kama wote tunainama, bei ya kufuata unachopenda ni ndogo kuliko inavyosemwa. Nilifurahia sana hesabu hiyo. Nilimpelekea mama kama mtu anayepeleka barua ya ushindi.

Mama aliikunja ile karatasi, akawashia jiko.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, ambayo kwetu ni mbaya kuliko kelele: "Hiyo tatu elfu na mia tano unaidharau, mimi ninaipikaka. Ni mafuta, ni sabuni, ni makaa ya wiki mbili. Weye unahesabu miaka. Mimi ninahesabu jioni."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Kwa mtu anayeishi kwa bamba chakula, 3,500 siyo tofauti ndogo, na hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa mtu ambaye hapiki.

Yaya wangu naye, mtoto wa kwanza wa mama, alipigiwa simu. Yuko Marekani, Iowa, anakata nyama kiwandani. Huyu alisoma agronomia kwetu miaka miwili kabla ya vita kumfukuza darasani. Aliniambia: "Huku hakuna aliyeniuliza nilisoma nini. Waliuliza kama mgongo wangu ni mzima. Soma unesi, mdogo wangu. Ukihamishwa, hospitali ziko kila mahali. Samaki utawapenda wikendi." Nikamuuliza yeye wikendi anapenda nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ninalala."

Hata hivyo hoja yake ni nzito na nataka kuitendea haki. Cheti cha afya kinatembea. Hakitembei kirahisi, maana karibu kila nchi ina baraza lake, na nesi wa Kenya akifika Marekani hashiki sindano kabla ya mitihani mingine, lakini angalau watu wanajua ni cheti cha nini. Ukimwambia ofisa mwajiri kwamba wewe ni mtaalamu wa samaki wa ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo zaidi ya aina 200 za samaki wake hawapatikani mahali pengine duniani, atakwambia hongera. Na hongera hailipi nauli.

Katika wiki zile mbili nilisoma pia maisha ya watu waliotangulia katika kazi hii, nikitafuta jambo moja tu: nani alikuwa anawalisha? Ukifungua kitabu cha shule utaona Darwin, Mendel, majina makubwa, picha zenye ndevu. Hawakwambii kodi ililipwa na nani. Charles Darwin alikuwa mtoto wa daktari tajiri. Alipopanda meli ya Beagle mwaka 1831 hakulipwa mshahara, baba yake ndiye aliyegharamia. Gregor Mendel alikuwa mtawa. Alilala kwenye monasteri, akala kwenye monasteri, na njegere zake alizipanda kwenye bustani ya monasteri. Yaani yule alikuwa na bamba chakula yake, na haikuwahi kupunguzwa.

Aliyenigusa ni Alfred Russel Wallace. Huyu hakuwa na baba tajiri, na shule aliiacha akiwa na miaka 14. Alienda Amazon mwaka 1848, akikamata ndege, vipepeo na mbawakawa, na kuwatuma London wauzwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Mwaka 1852 akirudi nyumbani, meli ikashika moto katikati ya bahari na karibu kila alichokusanya kikaungua. Yeye na wenzake walikaa siku kumi kwenye mashua ndogo kabla ya kuokolewa. Bahati wakala wake alikuwa ameikatia bima mizigo. Na baada ya hayo yote alipanda meli tena, akaenda visiwa vya Malay miaka minane, na huko, akiwa na homa, akapata wazo lile lile la uteuzi wa asili ambalo Darwin alikuwa amelificha mezani. Maandiko yao yalisomwa pamoja London mwaka 1858. Lakini Wallace hakupata kazi ya kudumu maisha yake yote. Mwaka 1881 ndipo serikali ilianza kumpa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, na Darwin ni mmoja wa waliomwombea.

Nilimsimulia mama habari za Wallace. Aliuliza swali moja: "Alikuwa na wadogo wa kusomesha?"

Neno kidogo kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua jarida hili linafika hadi kompaundi. Mnatwambia, na mnatwambia kwa nia njema, "Chagueni kozi ya soko." Mimi nauliza, soko la wapi? Soko la kambi linataka wakalimani, bodaboda na mama wa mandazi. Soko la Kenya tunalisikia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inaturuhusu kufanya kazi, na kibali cha daraja M kipo, lakini kati ya kuruhusiwa kwenye karatasi na kuitwa kazini kuna foleni ambayo nyinyi wenyewe mnaijua. Soko la Kongo litategemea amani. Soko la Marekani linauliza mgongo. Mtu mwenye nchi anaweza kuchagua kozi kwa kutazama soko moja. Sisi tunatazama manne kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja lililotufungulia mlango wote. Siwalaumu. Nasema tu, mkikaa na binti wa kidato cha nne anayependa kitu fulani sana, msiharakishe kumpa orodha.

Nilichagua biolojia. Niliandika jina langu kwenye udhamini siku moja kabla ya muda kwisha, na mlango wa unesi akaingia msichana mwingine. Sasa ni nesi anayekaribia kumaliza, na ni mzuri kuliko ningekuwa mimi. Simsemi kwa wivu. Nikimwona mama yake amenunua magodoro mapya, nahesabu. Nani asingehesabu?

Gharama ya uchaguzi wangu hakuilipa Perissodus. Mdogo wangu wa kiume alikuwa shule ya bweni huko Kitale, kwa pesa ya yaya na kwa matumaini kwamba mimi ningeanza kusaidia 2026. Mwaka 2025 msaada wa chakula ulipokatwa na watu kugawanywa kwa makundi, pesa ya yaya ikageuka kuwa chakula, na kijana akarudi kusoma hapa kambini, darasa moja na wanafunzi zaidi ya 100. Mimi nabana posho yangu ya udhamini na kutuma kidogo kila muhula. Yeye hajanilaumu hata siku moja. Anapenda hesabu. Juzi aliniuliza kama kuna watu wanaolipwa kwa ajili ya hesabu tupu, nikajikuta nataka kumwambia asome uhasibu. Maneno ya yaya yalifika mpaka kwenye ulimi wangu, nikayameza na chai.

Mtu ataniuliza, na hiyo biolojia yenyewe inasaidia nani hapa? Ni swali la haki. Nitajibu kwa vitu viwili.

Mbu wa malaria tuliyemzoea anazaliana kwenye madimbwi ya mvua. Yupo mwingine, Anopheles stephensi, asili yake Asia, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, na mwaka 2022 akapatikana kaskazini mwa Kenya. Huyu anapenda maji safi ya matangi na mapipa, ya kwenye miji, tena anavumilia ukame. Sasa tazama kambi yetu: maji yanakuja kwa saa, kila nyumba ina jerikani na mapipa ya kuweka akiba. Nesi atamtibu aliyeumwa, na Mungu ambariki. Lakini nani atafunua pipa, achukue kiluwiluwi cha mbu, aseme huyu siyo yule? Hiyo ni kazi ya mtu wa biolojia. Na angekuwa mtu anayekaa bloku hiyo hiyo angefunguliwa mlango haraka zaidi.

Cha pili ni mathenge. Kila mtu hapa amechomwa na mwiba wake, na kila mtu amepikia makaa yake. Mti huo ulitoka Amerika, ukaletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa. Mbuzi anakula maganda yake matamu, mbegu zinapita tumboni na kutoka na mavi tayari kuota, kwa hiyo mbuzi ndiye mpandaji wake mkuu. Sukari ya maganda inaozesha meno ya mbuzi. Kule Baringo wananchi walifikia kuishtaki serikali kwa ajili yake. Wenyeji wetu Waturkana na sisi wageni tunagombania kuni kila siku, na katikati ya ugomvi wetu umesimama mti ambao hakuna kati yetu aliyeupanda. Nataka utafiti wangu wa mwaka wa nne uwe juu ya huo. Samaki watasubiri, ziwa halihami.

Mshahara? Bado sijui. Mwalimu wangu mmoja chuoni anasema waliomaliza mbele yetu wengi wanafundisha, wachache wako maabara, wachache zaidi wako kwenye utafiti, na mmoja anauza dawa za mifugo na ndiye mwenye gari.

Likizo hii niko nyumbani, namsaidia mama sokoni Kakuma 1. Anauza samaki wakavu wanaoletwa kutoka Ziwa Turkana. Siku ya kwanza nilimshika sangara mmoja, nikamtazama mdomo kama kawaida yangu, nikamwambia mama kwamba huyu ni Lates, na mukeke wetu wa Uvira, yule ambaye watu wa Kigoma wanamwita mgebuka, naye ni Lates. Ni ukoo mmoja. Mama aliacha kupanga samaki. "Ukoo mmoja kweli, au unanichekesha?" Nikamwambia kweli, imeandikwa.

Tangu siku hiyo, akipita mteja wa Uvira, wa Baraka au wa Fizi, mama anainua sangara juu na kuita, "Kuja uone ndugu ya mukeke! Mtoto yangu wa chuo ndiye alisema!" Watu wanacheka, wanakaribia, wengine wanabishana naye kuhusu ladha, na katika kubishana wananunua. Juzi alimaliza meza kabla ya saa saba. Jioni, akihesabu pesa kwenye kitenge, akaniuliza, "Na kambale? Kambale naye yuko na ndugu kwetu?"

Nikamwambia kambale ni rahisi zaidi. Kambale ni yule yule.